Kosa ukurasa wa kwanza, marekebisho chini ya matangazo ya vifo

Ndugu zangu, naandika nikiwa nimeudhika. Ninauza vipuri vya magari katika Barabara ya Kirinyaga, ambako wengi bado wanakuita Grogan, na mwezi uliopita gazeti moja la hapa Nairobi lilichapisha kwenye ukurasa wa kwanza picha ya duka langu, jina likisomeka wazi juu ya mlango, kando ya habari ya watu walioshtakiwa kwa kuuza vioo vya magari vya wizi. Mimi si mmoja wao, na habari yenyewe haikunitaja popote. Nadhani mpiga picha alipenda tu rangi mpya ya mlango wangu.

Nilipopiga simu nilijibiwa kwa upole mwingi kwamba jambo hilo litashughulikiwa. Kwenye tovuti, picha iliondolewa usiku na nyingine ikawekwa, bila neno hata moja la kukiri kosa, hivi kwamba anayeifungua habari hiyo leo atadhani mimi ndiye mzushi. Gazetini, baada ya siku tisa, ilitokea mistari minne chini ya matangazo ya vifo, ikisema kwamba picha iliyotumika haikuhusiana na habari. Picha ipi? Duka la nani? Mke wangu, aliyekuwa akiitafuta, aliipita mara mbili.

Ukurasa ule wa kwanza, kwa upande wake, ungali unazunguka kwenye WhatsApp, na msambazaji aliyekuwa akinipa mali kwa mkopo sasa anadai pesa taslimu.

Kanuni za maadili zilizo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zinataka kosa lisahihishwe upesi, na Katiba, kifungu cha 35(2), inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo zinazomwathiri. Makosa hutokea, sikatai. Hata mimi huuza kipuri kisichofaa mara mojamoja, lakini mteja akirudi namrudishia pesa zake palepale kaunta, mbele ya waliopo. Nami nataka duka langu lisafishwe kwa jina, kwenye ukurasa uleule lilikochafuliwa.

Jumatatu ninapeleka malalamiko kwa Baraza, pamoja na nakala za magazeti yote mawili. Aliyewahi kupita njia hiyo anieleze ilimchukua muda gani.