Mrejesho: mtoto mwenye weupe kwenye mboni ya jicho

Wakuu, mwezi wa tatu niliwauliza kuhusu binti yetu wa miaka miwili, ambaye mboni ya jicho la kushoto ilionekana nyeupe kwenye picha za flashi. Asanteni mno, hasa dada aliyesema tuache matone ya dukani, tuwahi hospitali ya Muhimbili. Kesho yake tulienda. Ni retinoblastoma, saratani ya jicho. Jicho halikuokoka, likatolewa. Mama yake alilia mpaka sauti ikakauka. Ila saratani haikuwa imetoka nje ya jicho. Mdogo wake binti naye kapimwa, yuko salama. Mchango wa nauli kwenye ukoo ulikwama nusu, na nauli ya Mbagala hadi Upanga, hospitali ilipo, kila kliniki ni mzigo. Jicho la bandia tunalisubiri. Jana kwenye daladala binti aliimba njia nzima.