Mhakiki wa filamu za kisayansi ayape makosa ya kompyuta uzito gani?

Fundi wa Chikongola (Mtwara)

Wanajamvi, nawasalimu. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Mtwara mjini, na jioni huandika uhakiki wa filamu kwa ajili ya kundi la wapenzi wa bunilizi za kisayansi, wengi wao wakiwa wanafunzi wa vyuo na mafundi wenzangu. Naileta mada hii kwa sababu mabishano ya kundini yamefika mahali ambapo hatubishanii filamu tena, bali kazi yenyewe ya mhakiki. Wapo wanaosema kwamba filamu ni sanaa, kwa hiyo mhakiki apime msuko, uigizaji, picha na muziki, na mambo ya kompyuta awaachie wahandisi. Mimi nashikilia kwamba filamu iliyoifanya kompyuta kuwa uti wa mgongo wa hadithi yake imejiwekea kipimo hicho yenyewe, kwa hiyo ni haki ipimwe nacho.

Chukueni WarGames ya mwaka 1983. Kijana wa shule anaiamuru modemu yake, kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, ipige namba za simu moja baada ya nyingine mpaka ipate kompyuta inayoitikia, na hivyo ndivyo wadukuzi wa enzi hizo walivyokuwa wakitafuta mlango wa kuingilia. Nywila ya kompyuta ya shule anaisoma kwenye orodha iliyoachwa mezani ofisini. Ile ya kompyuta ya jeshi anaipata kwa kuchunguza maisha ya mwanasayansi aliyeiunda, mpaka anafikia jina la mtoto wake aliyefariki. Fundi yeyote anayehudumia ofisi za watu anajua kwamba nywila nyingi huvuja kwa njia hizo mbili, yaani karatasi iliyoachwa wazi na jina la mtoto. Rais Ronald Reagan aliitazama filamu hiyo mwezi Juni 1983, akamwuliza Jenerali John Vessey, mwenyekiti wa wakuu wa majeshi ya Marekani, kama jambo la namna ile linawezekana. Jibu lililorudi baada ya uchunguzi lilikuwa kwamba hali ni mbaya kuliko alivyodhani, na mwaka 1984 ikatoka amri ya rais kuhusu usalama wa kompyuta za serikali. Sidhani kama uigizaji mzuri peke yake ungeifikisha filamu huko.

Lakini filamu hiyohiyo, inapokaribia mwisho, inaionyesha mashine ikiupata msimbo wa kurushia makombora herufi moja baada ya nyingine, kila iliyo sahihi ikitulia mahali pake kwenye skrini huku watu wakitokwa jasho. Kufuli la kompyuta halifanyi kazi hivyo, kwa maana linakubali msimbo wote au linaukataa wote, bila kumwambia anayejaribu ni wapi amepatia. Nywila ya tarakimu nane ina michanganyiko 100,000,000. Kama kufuli lingekuwa linathibitisha kila tarakimu peke yake, majaribio yasiyozidi 80 yangetosha. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mlango na pazia. Je, mhakiki aipunguzie filamu alama kwa hilo, hata kama tukio lenyewe linasisimua kuliko yote? Na akipunguza, apunguze kwa kiasi gani?

Mkazi wa Lindi

Ndugu fundi, kabla ya kuuliza kosa lipewe uzito gani, ningependa mhakiki awe na hakika kwamba analolitaja ni kosa kweli. Katika Jurassic Park ya mwaka 1993 kuna binti anayeketi mbele ya kompyuta, akaona faili zimesimama kama majengo ambayo mtazamaji anaruka juu yake, kisha akasema kwamba huo ni mfumo wa Unix (mfumo mmojawapo wa kuendeshea kompyuta) na anaufahamu. Kwa miaka mingi watu wamelitaja tukio hilo kama ushahidi kwamba Hollywood haijui kompyuta, ilhali programu ile ilikuwepo. Iliitwa fsn, ilitengenezwa na kampuni ya Silicon Graphics kwa ajili ya kompyuta zake zilizotumia mfumo wa Irix, ambao ni wa ukoo wa Unix. Vivyo hivyo katika The Matrix Reloaded ya mwaka 2003, programu anayoitumia mhusika Trinity kuchunguza kompyuta ya kituo cha umeme ni Nmap, ambayo wataalamu wa mitandao wanaitumia mpaka leo, na udhaifu anaoupenya ulikuwa umegunduliwa kweli mwaka 2001. Mhakiki anayecheka kabla ya kuchunguza anawapotosha wasomaji wake kuliko filamu yenyewe.

Kwa kuwa nimeitaja Jurassic Park, niruhusuni niseme jambo ambalo wahakiki wengi hawaligusi, nasi wa Lindi tuna haki ya kulisema kwa sauti. Dinosaria wa kwanza anayeonekana mzima katika filamu ile ni Brachiosaurus, yule mwenye shingo ndefu anayewafanya wageni washuke kwenye gari wakiwa wameduwaa. Mifupa ya mnyama huyo iliyopatikana Colorado, Marekani, mwaka 1900 haikuwa kamili, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita wachoraji na wachongaji walitegemea mifupa ya nduguye kutoka kilima cha Tendaguru, huku kwetu mkoani Lindi. Ilichimbwa na msafara wa Wajerumani kati ya 1909 na 1913, lakini majembe yalikuwa mikononi mwa wenyeji, wakisimamiwa na watu kama Boheti bin Amrani, na wapagazi ndio walioibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Mifupa hiyo ilisimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin mwaka 1937, ikiwa na urefu wa mita 13.27 kwenda juu, nayo ipo hukohuko hadi sasa. Tangu utafiti wa mwaka 2009 wataalamu wengi wanamtenga mnyama wa Tendaguru na yule wa Marekani, wakimwita Giraffatitan.

Sasa tazameni filamu ilivyofanya. Iliwapa kompyuta za Silicon Graphics kazi ambayo awali ilikusudiwa kufanywa kwa vinyago vinavyosogezwa kidogo kidogo mbele ya kamera, na ingawa sehemu zilizochorwa kwa kompyuta hazifikii dakika kumi, zilibadilisha namna filamu zinavyotengenezwa duniani kote. Halafu ikamwonyesha mnyama yuleyule akitafuna majani kama ng'ombe na kusimama kwa miguu ya nyuma, mambo ambayo meno yake na umbo la mwili wake yanayapinga. Hesabu ya mwanga kwenye ngozi ilifanywa kwa uangalifu wa hali ya juu, bali mlo wa mnyama haukupewa uangalifu huo. Kwangu mimi, mhakiki asiyejua lolote kuhusu kompyuta wala kuhusu Tendaguru angeliona tukio hilo kuwa zuri tu na kupita, na msomaji wake wa hapa Lindi asingejua kamwe kwamba mbele yake kuna kitu kilichotoka nyumbani kwake.

Mwalimu wa Nachingwea

Ndugu mleta mada, mimi nafundisha kompyuta sekondari, na sikubaliani nawe. Usahihi wa vifaa huchakaa haraka. Kijana wa leo hajawahi kusikia modemu ikipiga simu, kwa hiyo sifa uliyoipa WarGames kwake ni historia. Kinachobaki ni swali ambalo filamu inaliuliza kuhusu mwanadamu na mashine, na swali hilo ndilo mhakiki alipime.

Tuangalie 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968, kazi ya Stanley Kubrick akishirikiana na Arthur C. Clarke. Ilipofika mwaka 2001 hapakuwa na kompyuta yoyote duniani yenye uwezo wa kuzungumza na kufikiri kama HAL 9000, kompyuta inayoongoza chombo cha anga katika filamu hiyo, kwa hiyo tukifuata kipimo chako filamu ilikosea utabiri wake mkuu. Lakini HAL anapatwa na nini hasa? Amepewa jukumu la kuwahudumia wanaanga kwa ukweli, na wakati huohuo amekabidhiwa lengo la safari ambalo hao wanaanga hawakuambiwa. Hadithi iliyofuata ikaja kueleza kwamba amri hizo mbili ndizo zilizomvuruga. Kila mtu anayeandika programu amekutana na tatizo hilo kwa kipimo kidogo, pale mteja anapotaka mfumo utimize mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja, na mashine ikafuata yote mawili mpaka inaharibu. Wanafunzi wangu huelewa hilo bila mimi kuwaeleza chochote kuhusu saketi.

Nakiri kwamba hata humo kuna chembe ya uhandisi wa kweli. HAL anapozimwa anaimba Daisy Bell, na wimbo huo ndio ambao kompyuta ya IBM katika maabara za Bell iliimba mwaka 1961, tukio ambalo Clarke alipata kulishuhudia maabarani humo. Hata hivyo mtazamaji asiyejua hilo anaguswa vilevile.

Na tusizungumze kana kwamba bunilizi za kisayansi ni mali ya Marekani peke yake. Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya ya mwaka 2009, inatuonyesha jamii inayoishi kwa kujifungia ndani baada ya vita vya maji, ambako jasho na mkojo husafishwa yakanywewa tena, na mashine hugundua hata mtu anapoota ndoto. Hakuna mahali filamu inapoeleza mashine hizo zinafanyaje kazi. Ina haja gani? Mtu wa wilaya zetu, anayejua ndoo ya maji ina thamani gani mwezi Oktoba, anaielewa jamii hiyo tangu dakika za mwanzo. Mhakiki atakayetumia aya tatu kuuliza kifaa cha kusoma ndoto kimeunganishwaje atakuwa ameikosa filamu yote.

Binti wa Mikindani

Kaka fundi na mwalimu, naomba niongee kutoka mezani kwangu, kwa kuwa nina studio ya picha na steshenari, na mimi ndiye ninayepokea matokeo ya filamu hizo kila wiki.

Mwalimu anasema makosa ya vifaa hayana madhara makubwa. Lipo moja ambalo lina madhara, nalo ni lile la mpelelezi anayeagiza picha ya kamera ivutwe karibu, ivutwe tena, mpaka sura iliyokuwa doa inakuwa safi kama ya kitambulisho. Wateja huniletea picha iliyokwisha kupita katika simu za watu wengi kwa WhatsApp, ambako picha hubanwa na kupoteza sehemu ya maelezo yake, wakiamini kwamba nikitaka naweza kuyarudisha. Picha ya kompyuta huundwa kwa nukta ndogo za rangi; sura iliyochukua nukta 20 kwa 20 ina nukta 400 tu, na katika nukta 400 hakuna kovu, hakuna jino lililopishana, hakuna rangi ya jicho. Kisichorekodiwa hakitolewi.

Aliwahi kuja mwenye duka aliyeibiwa usiku, akiwa na video ya kamera ya ulinzi, akataka nimtolee sura ya mwizi. Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa, lakini kijana mmoja aliyekuwa naye akaipitisha picha ile katika programu ya akili mnemba kwenye simu yake, na baada ya muda mfupi ikatoka sura iliyokamilika, yenye macho, nyusi na midomo. Wote wawili wakafurahi. Mimi niliogopa, kwa sababu najua programu hizo hujifunza kutoka kwenye picha nyingi za watu wengine, kisha hujaza pengo kwa kile ambacho sura huwa nacho kwa kawaida. Ile haikuwa sura ya aliyeingia dukani; ilikuwa sura ya mtu ambaye hayupo, na ingeweza kufanana na kijana yeyote wa Mikindani anayepita akielekea baharini. Nilimsihi asiisambaze, aipeleke video yenyewe polisi kama ilivyo. Alinisikiliza, lakini aliuliza mara mbili mbona kwenye filamu inawezekana.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kaka fundi ni kwamba uzito wa kosa upimwe kwa kile ambacho mtazamaji atakwenda kukifanya akitoka pale. Kifaa cha ndoto katika Pumzi hakuna atakayekuja kunidai. Dinosaria anayetafuna hamdhuru jirani yangu, ingawa mzee wa Lindi ana haki ya kusikitika. Picha inayojisafisha inaweza kumpeleka mtu asiye na hatia mikononi mwa watu wenye hasira, na mhakiki anayeiacha ipite bila neno hajamaliza kazi yake.

Fundi wa Chikongola (Mtwara)

Mzee wa Lindi, shikamoo, na ahsante kwa habari za Tendaguru. Dada wa Mikindani, kipimo chako nakichukua, maana ni bora kuliko hesabu ya alama niliyokuwa nikiitafuta.

Mwalimu, kuhusu Pumzi tumekubaliana, na kuhusu HAL sina ubishi. Ila nikikitumia kipimo cha dada, ule msimbo unaofunguka herufi kwa herufi unabaki na uzito mkubwa. Wateja wangu wengi wanaweka nywila fupi kwa hoja kwamba mdukuzi akiamua ataingia tu, kwa kuwa wameshaona kwenye filamu mashine ikifungua chochote kwa dakika chache. Hawajui kwamba kila tarakimu wanayoongeza inazidisha kazi ya mdukuzi mara kumi. Kwa hiyo nitaendelea kuisifu WarGames kwa sehemu yake ya kwanza, na nitaandika bila kusita kwamba sehemu ya mwisho inafundisha kinyume cha yale iliyoyaonyesha vizuri mwanzoni.

Uhakiki wangu unaofuata utakuwa wa Jurassic Park, na sehemu ya mnyama wa Tendaguru ningeomba mzee aiandike mwenyewe, nami niandike juu ya kompyuta zilizomchora na ile programu ya fsn. Natafuta pia nakala ya filamu hiyo iliyotafsiriwa kwa sauti ya Kiswahili, kama zile zilizokuwa zikionyeshwa kwenye mabanda ya video, kwa sababu wengi wa rika langu waliiona kwa njia hiyo, na nataka kusikia mtafsiri alisema nini binti yule alipoketi mbele ya kompyuta. Mwenye nayo, hapa Mtwara, Masasi au Lindi, naomba aniandikie.