Misemo ya Kivietnamu kuhusu mtu aliyeishiwa na ujasiri

Mfasiri wa Ngara:
Ndugu zangu, natafsiri hadithi fupi ya Kivietnamu ambayo wanafunzi wa sekondari hapa Nairobi wataisoma kwa Kiswahili. Mhusika anajigamba kwamba atamkabili tajiri wake kuhusu mishahara iliyocheleweshwa, lakini anapoufikia mlango ananywea, mkono ukiwa tayari kubisha. Wenzake wanamwita "miệng hùm gan sứa", yaani mdomo wa chui milia, ini la konyeza, yule kiumbe wa baharini mwenye mwili wa uteute. Mmoja anaongeza kwamba jamaa "rét", neno ambalo kamusi inalieleza kuwa ni kuhisi baridi. Je, nilihifadhi ini hilo?

Mkalimani wa Kilimani:
Usilihifadhi. Kwa Wavietnamu ini ndilo makao ya ushujaa, ndiyo maana jasiri huitwa "to gan", mwenye ini kubwa, naye mwoga huitwa "nhát gan". Nyongo pia imo humo: aliyeshikwa na hofu kuu husemwa "sợ mất mật", kaogopa hata nyongo ikampotea. Kwetu maini hukatwa na maneno makali, kwa hiyo msomaji akikutana na ini atatarajia uchungu, wala si woga. Weka moyo. Kuhusu "rét", una bahati, kwa sababu hata Mswahili aliyeogopa huingiwa na ubaridi.

Msomaji wa South B:
Naafiki hoja ya moyo, ila nakusihi usimwondoe konyeza. Ukali wa msemo wote uko kwake, kwa kuwa kiumbe huyo hana ini hata kidogo, na ngurumo yote ile ya chui milia inaishia patupu.

Jihadhari pia usichanganye aina za woga. "Nhát như cáy" humlinganisha mtu na kaa mdogo wa matopeni, anayechomoka na kujitupa shimoni mara anapohisi mtu anakuja. Aliyetembea kwenye mikoko ya Mombasa ameona jambo hilo. Huo ni woga wa tabia. "Hồn vía lên mây", roho kupaa mawinguni, ni wa mshtuko wa ghafla, na nyuma yake ipo imani kwamba mtu ana roho za aina mbili: mwanamume ana "hồn" tatu na "vía" saba, ilhali mwanamke ana "vía" tisa. Mhusika wako hakushtuliwa na chochote, bali alirudi nyuma mwenyewe, na hilo Wavietnamu huliita "chùn bước".

Mfasiri wa Ngara:
Ahsanteni sana. Nitaandika "mdomo wa chui milia, moyo wa konyeza". Nina swali moja tu: anayesema "rét" ni kijana, na anayesemwa ni mzee wa makamo. Je, inafaa?

Mkalimani wa Kilimani:
Mbele yake haifai, kwa kuwa hiyo ni lugha ya marika wanaotaniana. Kama kijana anasema akiwa pembeni na wenzake, iache ilivyo.