Naomba ushauri: mita 60 kutoka ziwani zinapimwa kuanzia wapi?

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Nina kiwanja kando ya Ziwa Victoria, mkoani Mwanza, ambacho nilikinunua kwa nia ya kujenga nyumba ya kuishi na familia yangu, na sasa nimekwama kabla hata ya kuchimba msingi.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa la asili, mto au bwawa. Hilo nalielewa na ninaliunga mkono kwa dhati, kwa kuwa matete ya ufukweni ndiko samaki wanakozaliana na ndiyo yanayochuja tope la mvua kabla halijaingia ziwani.

Tatizo langu ni kipimo chenyewe. Nikivuta futi kamba kutoka maji yalipo leo, bikoni ya mbele (alama ya mpaka wa kiwanja upande wa ziwa) iko mita 71. Lakini mwaka 2020, ziwa lilipofurika, maji yalifika kwenye mwembe ulio ndani ya kiwanja, na alama ya tope bado inaonekana kwenye shina lake. Nikianzia hapo, zaidi ya nusu ya kiwanja inaingia kwenye hifadhi.

Je, wapimaji huanzia wapi? Na je, nianze kwa afisa mipango miji wa halmashauri au Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, kabla sijaomba kibali cha ujenzi?