Mjadala: Je, bustani za burudani ziache kuuza nafasi ya mbele ya foleni?

MLETA MADA
Wakuu, msimamo wangu nauweka wazi mapema: bustani kubwa za burudani ziache kuuza nafasi ya mbele ya foleni. Zikikataa kuacha, basi mgeni anayetoka nje ya nchi asiachwe nyuma ya wote, maana ndiye anayeumia zaidi.

Kwa wasiofuatilia: Walt Disney World kule Florida ilianzisha FastPass, huduma ya kuruka foleni za michezo ya kupanda, mwaka 1999, na ilikuwa bure. Unachukua kikaratasi chenye saa yako, unakwenda kuzunguka kwingine, saa ikifika unarudi unaingia. Huduma hiyo ilisimama 2020 wakati wa korona na haikurudi. Oktoba 2021 ikaja pasi ya kulipia, Genie+, kwa dola 15 kwa mtu kwa siku, kisha bei ikaanza kupanda na kushuka kufuata tarehe. Julai 2024 jina likawa Lightning Lane Multi Pass, na baadhi ya michezo inayogombaniwa sana inalipiwa peke yake. Yote hayo ni nje ya tiketi ya kuingilia.

Sasa angalieni utaratibu wa kununua. Anayelala hoteli ya Disney dirisha la kununua mtandaoni linamfungukia siku 7 kabla, na anachagua kwa siku zake zote za kukaa. Anayelala kwingine, mara nyingi siku 3. Linafunguka saa moja asubuhi ya Florida, ambayo wakati wa kiangazi ni saa sita mchana London na saa mbili usiku Tokyo. Siku 3 kabla, msafiri wa mbali mara nyingi yuko angani, au amekaa kwenye benchi la uwanja wa ndege akisubiri ndege ya kuunganisha. Akija kushika mtandao, saa nzuri zimeshachukuliwa.

Na huyu mara nyingi ni mtu mzima aliyejinyima miaka. Tarehe hapangi yeye, inapangwa na likizo ya kazini, miadi ya viza na nauli ya ndege. Mkazi wa jirani akikosa mchezo leo, atarudi mwezi ujao. Wa mbali hana mwezi ujao, kwa hiyo naye afunguliwe siku 7 kabla.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, nakuheshimu lakini hapa sikubaliani nawe. Hao wanaolipa wangekuwa kwenye foleni hiyohiyo hata bila pasi, kwa hiyo watu ni walewale. Pia anayehitaji pasi kuliko wote ni huyo wa mbali mwenye siku mbili tu. Ukiifuta, umemnyang'anya njia pekee ya kununua muda.

Mfano ni bustani za Universal, Orlando, hukohuko Florida. Ukilala kwenye hoteli zake za Portofino Bay, Hard Rock Hotel au Royal Pacific, pasi yao ya kuruka foleni, Express, inakuja na chumba, na usiku mmoja unakupa siku mbili: ya kufika na ya kuondoka. Watu wazima wanne wakichangia chumba, pigeni hesabu wenyewe. Angalizo: inatumika kwenye bustani za Universal Studios Florida na Islands of Adventure. Epic Universe, iliyofunguliwa Mei 2025, haimo.

MCHANGIAJI WA PILI
Mimi naongelea kulipa kwenyewe. Nilifungua programu ya simu ya bustani mapema, nikachagua mchezo, nikaweka kadi. Benki ikatuma namba ya uthibitisho kwenye laini ya nyumbani, ambayo huko ugenini haikuwa hewani. Mpaka nahangaika na kadi ya mwenzangu, nafasi ya saa nne asubuhi imekwenda, iliyobaki ni ya saa mbili usiku. Mnaopanga safari, hakikisheni laini ya benki inapokea ujumbe ugenini, na wekeni kadi kwenye programu kabla ya kuondoka.

MLETA MADA
Mchangiaji wa kwanza, umegusa penyewe, nikujibu kwa hesabu. Tuseme mchezo unabeba watu 1,500 kwa saa na mbele yako wamesimama 500. Bila pasi unasubiri dakika 20. Nafasi 1,000 za kila saa zikienda kwa wenye pasi, watu wako 500 wanabaki na nafasi 500: saa nzima. Unasema wenye pasi wangekuwa foleni ileile. Wangekuwa, ndiyo, lakini mtu mmoja hawezi kusimama foleni mbili kwa wakati mmoja. Mwenye pasi anaweza: nafasi yake inamsubiri huku, yeye amesimama kwenye mchezo mwingine kule. Kasimameni pale foleni mbili zinapokutana mjionee. Mhudumu ananyoosha mkono kuwazuia wa kawaida, kundi la pasi linapita, la pili linapita, ndipo wachache wa kawaida wanaachiwa.

Na wasituambie pasi ya bure haiwezekani tena. Tokyo Disney Resort ilianza kuuza pasi yake ya foleni, Premier Access, Mei 2022, lakini Julai 2023 ikaweka pembeni yake pasi ya bure. Wageni wakawa nazo zote mbili.

MCHANGIAJI WA TATU
Wakati mnabishana, watu wazima wanasahau silaha yao: foleni ya mtu mmoja mmoja. Haina malipo wala dirisha la kuwahi. Mnaingia mkikubali kutenganishwa, mnajaza viti vilivyobaki, mnakutana mlangoni. Mwenye mtoto mdogo hawezi, nyinyi mnaweza. Haipo kwenye kila mchezo, kwa hiyo angalieni ramani kwanza.

Ila, mleta mada, ukimpa wa ng'ambo siku 7, aliyeendesha gari siku nzima kutoka jimbo lingine la Marekani naye atadai.

MLETA MADA
Adai, mkuu, ana hoja. Lakini bustani hizi tayari zinawatenga wanunuzi kwa mahali wanapoishi. Mkazi wa Florida ana tiketi zake za nafuu na anaonyesha uthibitisho. Mkazi wa Uingereza ana tiketi za siku nyingi zinazouzwa kwa soko lake. Wanajua kabisa nani anatoka wapi inapofika kwenye kuuza tiketi. Basi watumie taarifa hiyohiyo kwenye dirisha la foleni: aliyenunua tiketi akiwa ng'ambo afunguliwe siku 7 kabla, popote atakapolala. Anayepinga hili atuambie ni nani atakayedhurika nalo zaidi ya mauzo ya vyumba vya hoteli zao.