"Vijana wote mnakaribishwa", kumbe ni wa Kiingereza tu

Wadau, leo nimefura, mnivumilie.

Nafundisha vijana kuandika hadithi. Kila mwaka tunaletewa tangazo la mashindano: vijana wote mnakaribishwa, lugha zetu ni utajiri, maneno matamu kwelikweli. Shuka sasa hadi sharti la mwisho, lile la herufi za sisimizi: miswada ya Kiingereza pekee. Wote gani hao?

Safari hii binti mmoja alijaribu kupenya. Hadithi yake ni ya Kiingereza, ila bibi anapomkaripia mjukuu, anamkaripia kwa lugha yao. Mistari michache tu, na hata usiyeijua lugha unaona kabisa mtoto kaingia matatani. Mswada ukarudi na duara jekundu, pembeni pameandikwa: tafsiri au ondoa. Akatafsiri, angefanyaje? Basi yule bibi, ambaye ukurasa wa pili tumeambiwa hajui neno la Kiingereza, sasa anafoka kwa Kiingereza kilichonyooka kama barua ya kuomba kazi. Na hapo ndipo wakamsifu eti "lugha imeimarika"!

Ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 1962 waandishi wa Afrika waliitwa mkutanoni Makerere, kigezo kikiwa kuandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ, mwanafunzi mwenye hadithi fupi mbili tu zilizochapishwa, akaingia. Shaaban Robert na vitabu vyake vyote hakuwa na sifa.

Halafu tunaambiwa lugha hizi hazifiki popote. Tuzo ya International Booker ya 2025, ile ya vitabu vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza, ilikwenda kwa Banu Mushtaq wa India, anayeandika Kikannada. Pauni 50,000 wakagawana nusu kwa nusu na mfasiri wake, Deepa Bhasthi. Yaani mfasiri naye analipwa na kutajwa, siyo mwandishi kuambiwa ajitafsiri mwenyewe kwa vitisho.

Sijasema Kiingereza kifukuzwe. Anayekitaka akiandike. Ila anayetaka kuchanganya achanganye, na anayeandika lugha yake asomwe na mtu anayeijua. Eti waamuzi hawapatikani! Mmewatafuta wapi? Wamejaa vyuoni, redioni, na wengine ni mama zenu waandaaji.

Barua ya kupinga sharti hilo naituma Ijumaa. Anayetaka jina lake liwemo aseme hapa chini. Na wale wa "tujifunze Kiingereza kwanza", uzi wenu fungueni kwingine.