Mada: Barua kuhusu chipsi za Strabane, nijibu nini?

Baba Imani (Letterkenny) aliandika:

Ndugu zangu habari za huko. Nina shida, naomba mwenye uzoefu anisaidie mapema maana barua ina tarehe ya mwisho. Niliomba uraia wa Ireland, fomu zote safi, IRP (kile kitambulisho cha ukaazi), PPSN (namba ya huduma za serikali), pointi 150 za ushahidi wa kila mwaka zimetimia, na kwenye ushahidi wa makazi nikaweka stetimenti za benki. Sasa ofisi imeniandikia, kwenye stetimenti wameona malipo ya duka la chipsi Strabane, ng'ambo ya mpaka huko Ireland Kaskazini iliyo chini ya Uingereza, kwa pauni, wanataka nieleze nilikuwa Uingereza kwa shughuli gani na niliingia na viza ipi. Strabane jamani! Ukitoka Lifford upande wetu unavuka daraja la mto Foyle ushafika, hakuna askari, hakuna geti, alama pekee ni vibao vya spidi kuacha kilomita na kuanza maili. Tulikuwa tumetoka kumchukua mtoto mechi, ana njaa, tukanunua curry chips na ile cowboy supper, soseji na maharage na chipsi, basi. Swali langu: niandike vile vile ilivyokuwa, au niende kwa solisita kwanza? Na siku kama ile inahesabiwa kwenye zile siku 70 za kuwa nje ya nchi?

Dada wa Dundalk aliandika:

Pole sana kaka. Mimi mwenzio nilikuwa narudi na basi la Belfast, nilishuka Newry, huko huko Kaskazini, kununua nguo za shule za watoto, kurudi tumefika tu upande huu Garda wawili, polisi wa Ireland, wakapanda, wanapita siti kwa siti, mimi na kijana mmoja wa Kisomali ndo tuliombwa vitambulisho, wazungu waliokuwa mbele yetu hata hawakuangaliwa usoni. Nilitoa IRP ikaisha hapo ila moyo ulinienda mbio mpaka nafika nyumbani. Tangu hapo siendi. Ila si siku hizi kuna ETA, kile kibali cha mtandaoni cha kuingia Uingereza, unaomba kwa simu tu? Ungeomba hiyo kaka.

Mzee wa Drogheda aliandika:

Dada, tafadhali tusipotoshe watu. ETA ni ya wale ambao hawahitaji viza ya Uingereza. Mtanzania anahitaji viza, Mkenya anahitaji viza, Mkongo vile vile, kwa hiyo ETA haituhusu kabisa. Na hata hao wasiohitaji viza, wakiwa wakaazi halali wa Ireland, wamesamehewa ETA wakivuka ndani ya CTA, lile eneo la pamoja la usafiri la Ireland na Uingereza. Hiyo CTA yenyewe ni ya raia wa Ireland na raia wa Uingereza, siyo ya mwenye Stamp 4 (ruhusa ya kuishi na kufanya kazi Ireland), siyo ya mwenye CSEP (kibali cha kazi za ujuzi maalum). Nimeshaandika haya hapa na bado kila mwezi mtu anauliza. Kuhusu siku 70, hizo ni za kuwa nje ya nchi katika mwaka wa mwisho kabla ya kuomba, ziliwekwa na sheria ya 2023, na Kaskazini ni nje ya nchi.

Nesi wa Killybegs aliandika:

Shikamoo mzee, lakini na wewe umeacha kitu. Aliyeolewa ama kuoa raia wa Ireland, yeye ukaazi wake unahesabiwa kisiwani kote, North ikiwemo, miaka tatu. Kwa hivyo si kila mtu North ni nje.

Alafu wacha niwaambie kuhusu Donegal kwa sababu nyinyi wa Dublin hamtuelewi. Donegal inapakana na kaunti moja tu ya Republic, Leitrim, kipande kidogo karibu na Bundoran, kwingine kote ni North. Train hatuna. Basi namba 32 ya kutoka Letterkenny kwenda Dublin inapitia Strabane na Omagh ndio itokee Monaghan, yaani basi ya serikali ya Ireland, tiketi ya Ireland, na mimi nikikaa ndani bila kushuka hata kwenda choo nakuwa nimevunja sheria ya Uingereza. Nilipoitwa Dublin kwa miadi ilibidi niamke usiku, nishike basi ya Sligo, kisha train mpaka stesheni ya Connolly huko Dublin, inaongeza masaa na pesa. Wenzangu Wahindi kazini hivyo hivyo. Mtu wa Cork hawezi kujua hii shida.

Kijana wa Cork aliandika:

Da, mtu wa Cork anajua, nilikaa Buncrana mwaka mzima. Ila mi naona Baba Imani kosa ni kwenda mbali kwa ajili ya cowboy supper wakati upande huu kuna spice bag! Chipsi, vipande vya kuku wa kukaanga, pilipili hoho, kitunguu, wanarushia chumvi na pilipili na viungo vya Kichina, mfuko unatikiswa, ukila unakumbuka chips masala ya Nairobi kabisa. Ilianzia Dublin kwenye maduka ya Wachina. Chicken fillet roll nayo, mkate wenye kuku ndani, asubuhi ukiwa unaenda shift. Mi nikikaa hapa nikila spice bag nawaza chipsi mayai ya Kinondoni na kachumbari, usiku, mvua imekatika, basi siku hiyo lazima nipige simu nyumbani.

Abuu wa Derry aliandika:

Assalaam alaykum. Mimi niko upande wa pili, nina viza ya kazi ya Uingereza, na mimi siwezi kwenda Letterkenny kumuona binamu yangu bila viza ya Ireland, mwendo wa nusu saa. Msidhani kufungwa ni kwenu tu.

Kwa Waislamu wenzangu mkipata viza mkaja huku: pastie supper ni nyama ya nguruwe, inasagwa na viazi na kitunguu, inachovywa kwenye unga na kukaangwa, kwa nje utadhani ni kitu cha mboga. Ulizeni na mafuta, maduka mengine yanatumia mafuta ya ng'ombe na hawachinji kihalali. Vijana wengi wanakula hawajui na hakuna wa kuwaambia.

Na mkiona Tayto, zile krispi za viazi, huku pakiti siyo ile ya kwenu. Ya kwenu ilianza Dublin 1954, hii ya Tandragee 1956, kampuni mbili, jina moja, na watu wa hapa wanagombana kwa dhati ipi tamu.

Dada wa Dundalk aliandika:

Abuu hivi ile nyama iliyoandikwa Not for EU nikiletewa Dundalk ni kosa?

Mzee wa Drogheda aliandika:

Hiyo imewekwa ibaki Kaskazini, ilikuja na Windsor Framework, makubaliano ya Uingereza na EU ya 2023. Mnakumbuka 2021 Uingereza na EU waligombania soseji za kutoka Uingereza kuingia Belfast, mpaka kwenye mkutano wa G7 kule Cornwall. Mataifa makubwa yakaketi, yakaongeza muda, yakatafuta lebo, mpaka wa bidhaa ukahamia baharini ili hapa barabarani pasirudi geti. Na ilikuwa sawa. Mimi nimefika Dundalk miaka ya tisini, minara ya wanajeshi ilikuwa juu ya vilima vya South Armagh, helikopta kila siku, watu wa hapa hawataki kuyaona tena. Mpaka una kilomita karibu 500 na barabara zaidi ya 200. Lakini soseji ilipatiwa njia. Nesi anayeosha wagonjwa wa Donegal hajapatiwa hata ruhusa ya kupita Omagh akiwa amekaa kwenye siti. Hilo linaniuma sana na sioni Dublin wala London ikilizungumza.

Nesi wa Killybegs aliandika:

Mzee hapo umesema. Wanaongea border poll, kura ya kuunganisha North na Republic, kisiwa kimoja, na sisi hatuna kura.

Mzee wa Drogheda aliandika:

Kura ya maoni hatuna, ya wabunge hatuna. Kura ya madiwani tunayo, mkaazi yeyote aliyefika miaka 18 hata kama si raia, na diwani wa Donegal anajua hiyo barabara vizuri. Wangapi hapa mmejiandikisha?

Baba Imani aliandika:

Mimi bado. Inafanyika wapi?

Nesi wa Killybegs aliandika:

checktheregister.ie, uwe na PPSN na Eircode (postikodi) ya nyumba. Mwambie na mama Imani.